Umande wa Kisauni

Miaka ile ya vita, nilipokuwa na umri wa miaka kumi na tisa, serikali ilinikabidhi chombo cha shaba nikilinde. Kilikuwa kipima mvua. Mkebe wake mrefu ulizikwa nusu ardhini uani kwetu, juu una mdomo mpana wa faneli, na ndani mna chupa. Kila siku saa tatu asubuhi niliitoa ile faneli, nikaimimina chupa katika gilasi yenye mistari, nikahesabu mistari na kuiandika daftarini. Ikiwa mvua haikunyesha, niliandika sifuri. Kazi ilikuwa hiyo, pamoja na kumwagilia miche ya mikorosho katika shamba la majaribio la serikali lililopakana na nyumba yetu, Kisauni, upande wa Mjambere.

Niseme mapema kwamba mimi si mtu wa subira, na wakati ule nilikuwa sina hata kidogo. Kuandika sifuri siku thelathini mfululizo kulinikera kama upele. Kilichonishikilia pale ni ahadi. Bwana Kilimo, Mzungu aliyesimamia mashamba ya majaribio ya pwani, alikuwa ametutangazia sisi vijana wapima mvua kwamba serikali ingewasomesha watatu wetu mambo ya utafiti. Wangekwenda miaka miwili katika chuo cha Uganda, kisha wangepewa kazi katika kituo cha utafiti huko bara. Masharti yalikuwa mawili. Kila mmoja aweke daftari lake kiangazi kizima bila kuruka siku, na aandike insha juu ya jambo aliloligundua kwa macho yake mwenyewe.

Nilikwisha kumkosea baba kwa ajili ya ahadi hiyo. Baba alikuwa seremala bandarini, na kwa kuomba huku na huku alinipatia nafasi ya ukarani katika ofisi moja huko huko. Niliikataa. Hakunipiga wala hakunifokea. Alilaza randa yake juu ya meza, akasema, "Haya. Hiyo ya serikali ukiikosa, usije ukaniambia nikutafutie nyingine." Kisha akaninyamazia. Tulikula sinia moja mwezi baada ya mwezi, na neno lake kwangu lilikuwa "lete maji" tu.

Basi mtu aliye katika hali hiyo, mletee barua ya kupunguziwa. Ya kwanza ilikuja mwanzoni mwa kiangazi. Bwana Kilimo alitusomea kwamba kwa sababu ya gharama za vita fedha za masomo zimekatwa, na nafasi tatu zimekuwa mbili. Tulikuwa watatu tuliotiliwa maanani: mimi wa Kisauni, mmoja wa Changamwe, na mmoja wa Likoni. Yule wa Changamwe alikuwa mjanja kuliko sisi sote. Aliisikiliza barua hadi mwisho, akauliza kama kutakuwa na barua nyingine, na wiki ile ile akaenda kuandikishwa kazi kwenye magari ya moshi. Nilimcheka. Baadaye, kila niliposikia kengele ya baiskeli ya tarishi njiani, nilimkumbuka.

Wa Likoni alikuwa rafiki yangu. Tulikaa dawati moja katika shule ya misheni, na tulijuana hata kukoroma. Alikuwa mtu wa polepole hadi akaudhi. Ukimwuliza kama mlango umefungwa, hakujibu mpaka ainuke akautazame. Kipima mvua chake kilikuwa karibu na ufuo wa Shelly Beach, na kila Jumapili baada ya ibada alivuka kwa feri, akakatiza mjini, akapita daraja la kuelea hadi kwetu, daftari limefungwa kwenye leso kwapani. Tulilinganisha mistari. Mama alimpenda kwa sababu alikula chochote alichowekewa na kusema asante mara mbili.

Mwingine aliyekuwa nyumbani ni shemeji yangu, mke wa kaka. Kaka alikuwa askari. Alipata likizo fupi, akaoa msichana wa upande wa Rabai, na baada ya majuma mawili akarudishwa vitani Burma. Bibi arusi akabaki kwetu na wakwe asiowajua. Alikuwa na miaka kama yangu. Mbele ya baba hakuinua macho wala sauti, kama alivyofunzwa kwao. Baba akiingia jikoni, yeye hutokea mlango wa nyuma. Akiulizwa jambo na baba, humnong'oneza mama, na mama ndiye hujibu. Kwangu mimi, kwa kuwa shemeji ni mtani, alizungumza, na alikuwa na maneno.

Hakujua kuandika, kwa hiyo barua zake kwa kaka niliziandika mimi. Alikaa kwenye kibao cha mbuzi, akasema, "Mwambie mimi mzima. Mwambie mama ameniwekea kitambaa. Mwambie kuku mweupe amekufa." Nami niliona haya kumpelekea askari habari za kuku. Niliandika kwamba usiku halali kwa kumwota, na kwamba mto umelowa machozi. Nilijivunia kalamu yangu. Vita vilipokwisha kaka aliniambia kwamba barua zile aliwasomea wenzake hemani, wakavunjika mbavu kwa kucheka. Lakini wakati ule sikulijua hilo, na shemeji hakujua nilichokuwa nikiandika.

Sasa nije kwenye umande. Kiangazi kilikuwa kimeanza, angani hakuna wingu, nami asubuhi moja nikakuta maji ndani ya chupa. Maji kidogo, mistari miwili ya gilasi. Nikafikiri nimekosea. Kesho yake yalikuwamo tena, mstari mmoja na nusu. Kesho yake mitatu. Nikaketi chini. Kama si mvua, ni umande; na kama umande wa Kisauni unatosha kupimika, basi miche ya mikorosho inakunywa maji ambayo hakuna mtu aliyewahi kuyaandika. Huu ulikuwa ugunduzi wangu, wa kwangu peke yangu.

Niliandika insha kurasa kumi na moja. Nilieleza jinsi mvuke unavyopanda kutoka kwenye mikoko na kutua bara alfajiri. Maji yenyewe yalikuwa na ukungu mwembamba, na nilipoyaonja niliyakuta na uchachu. Nikaandika kwamba umande wa kwetu huchukua chumvi ya bahari. Naona aibu hata sasa ninapoyaandika haya, lakini wakati ule nilikuwa nikitembea kama niliyekwisha kupanda treni.

Rafiki yangu wa Likoni alitazama daftari langu Jumapili moja, akalitazama tena, akarudi nyuma kurasa tatu.

"Mbona mimi sipati hata tone?" akauliza. "Na mimi niko karibu na bahari kuliko wewe."

"Labda waamka jua lishachomoza," nikamwambia.

Hakukasirika. Alipitisha kidole juu ya tarehe moja baada ya nyingine, kisha akatabasamu. "Wallahi, umande wa Kisauni ni Mkristo. Jumapili haufanyi kazi."

Ilikuwa kweli. Kila Jumapili chupa ilikuwa kavu. Nilikuwa nimeliona hilo na kujiambia kuwa ni bahati tu. Nilimnyang'anya daftari, nikamwambia mwivu hakosi la kusema. Yeye alicheka, akaomba maji ya kunywa.

Insha yangu ilipelekwa Nairobi, na majibu yakarudi kwa sifa. Mtu mkubwa wa utafiti angeshuka mwenyewe kuja kutuhoji. Lakini sifa zangu zilimwangukia rafiki yangu vibaya. Bwana Kilimo alikwenda Likoni akamwuliza inakuwaje ng'ambo moja kuna umande na ng'ambo nyingine hakuna. Alipojibu kwamba hakuna kitu chupani, Bwana Kilimo aliona ni uvivu: kijana huchelewa kuamka, jua linakausha maji, kisha huandika sifuri. Akampa onyo la maandishi. Likija la pili, jina lake lingetolewa na kazi angeachishwa. Aliponihadithia, macho yake yalikuwa mekundu kwa kukesha. Alikuwa sasa analala kwenye mkeka kando ya kipima mvua. "Na bado hakuna," akasema. Nilimwonea huruma, na chini ya huruma ile nilifurahi. Sitaki kujisingizia wema nisiokuwa nao.

Kisha ikaja barua ya pili. Nafasi mbili zimekuwa moja. Mahojiano yatakuwa Ijumaa, na nafasi hiyo isipopata mtu mwezi huu itafutwa nayo, kwa kuwa hazina ya serikali inatafuta pa kukata. Bwana Kilimo alitoa miwani akaipangusa. "Mmoja," akasema, "na haraka." Usingizi ukanihama. Nikilala naona treni inaondoka, nikiamka naona uso wa baba.

Ndiyo maana Jumatatu ile niliamka kabla ya kila mtu, au nilivyodhani. Kulikuwa kunapambazuka. Nilitoka uani kwenda kutazama chombo changu, kama mtu anavyokwenda kutazama mgonjwa, nikamkuta shemeji amechuchumaa mbele yake. Mkono mmoja alishika makumbi ya nazi yenye majivu, mwingine kipande cha ndimu. Alikuwa akiisugua ile faneli ya shaba, taratibu, akiimba wimbo wa kanisani kwa sauti ndogo. Alipomaliza alichota maji kwa kata, akayamimina kiganjani, akaisuuza kote kwa uangalifu. Nikayaona maji yakizunguka mdomoni mwa faneli na kuzama tunduni. Kisha akaifuta kwa pindo la leso hadi ikang'aa.

Kwanza sikuelewa, halafu nikaelewa yote kwa mara moja, hata uchachu.

"Wafanya nini?" nikamwuliza. Sauti ilinitoka mbaya.

Alishtuka, kata ikamponyoka. "Abee, shemeji! Naosha vyombo."

"Nani alikwambia ukiguse hicho?"

"Hukusema tusikiguse. Ulisema tusikisogeze hata kidole kimoja. Sijakisogeza." Alikitazama chombo kuhakikisha. "Siku niliyokuja mama alinionyesha, akaniambia hiki ni cha serikali, kikiingia weusi aibu ni ya nyumba. Na vyombo vya shaba vyaoshwa kwa ndimu. Nimekosa?"

"Waosha tangu lini?"

"Tangu nilipokuja. Kila siku ila Jumapili, kwa kuwa twawahi kanisani."

Kama angekuwa mvivu, ningekuwa na sifuri zangu safi. Laiti angekisogeza akakiosha kando, kusingekuwa na tone. Alitii neno langu kama nilivyolisema, na utii wake ulikuwa umejaza kurasa zangu zote tangu wiki aliyoingia nyumbani. Nilirudi ndani nikafungua daftari, na tarehe zilikaa pale pale, hazina pa kukimbilia. Nilitoka tena nikamwambia asikisogelee tena chombo kile maishani mwake. Sikumwambia sababu. Alinitazama, akaokota kata yake akaenda zake jikoni.

Saa tatu ilipofika maji yalikuwamo, ya Jumatatu ile, nami nikayaandika kama kawaida. Nilijiambia kwamba nitakwenda kwa Bwana Kilimo mchana. Mchana nikajiambia kesho.

Jumanne chupa ilikuwa kavu. Nilisimama na gilasi mkononi jua likinichoma utosini. Nikiandika sifuri, watauliza umande umekwenda wapi siku tatu kabla ya mahojiano. Nikienda kusema, insha inakufa, nafasi inafutwa au inakwenda Likoni, na mimi narudi kwa baba mikono mitupu. Nilitazama kushoto na kulia kama mwizi wa kuku. Niliandika mistari miwili. Jumatano niliandika mmoja. Alhamisi niliandika mitatu, kwa sababu nilijua tayari kwamba uongo unaofanana kila siku hutambulika.

Mpaka Jumatatu kosa halikuwa la mtu. Siku tatu zile ni zangu mwenyewe.

Ijumaa nilivaa shati la kaka, nikavuka daraja nikiwa nimekumbatia daftari. Rafiki yangu alikuwa amekwisha kufika, amekaa kwenye benchi nje ya ofisi ya Bwana Kilimo, viatu vimejaa mchanga. Alinisogezea nafasi. Nilikaa, na jasho lilinitiririka mgongoni hadi shati likanata kwenye benchi.

Walituita pamoja, ili kuokoa wakati. Walikuwa watu watatu: Bwana Kilimo, yule mtu mkubwa wa Nairobi mwenye ndevu fupi, na mzee mmoja wa utawala mwenye joho aliyefasiri pale Kiingereza chetu kilipokwama. Madaftari yetu yalilazwa mezani, yamefunguliwa, langu kando ya lake. Yule wa ndevu alianza na rafiki yangu. Alimwuliza kwa upole, kama daktari, anaamka saa ngapi.

"Bwana, tangu nilipopata onyo silali nyumbani," rafiki yangu akajibu. "Nalala pale. Natazama chupa kabla ya jua, na jua likitoka natazama tena."

"Na huoni kitu?"

"Sioni."

"Mwenzako anaona."

Rafiki yangu alinitazama. Hapakuwa na lawama machoni mwake, na hilo ndilo lililonimaliza. "Mwenzangu ameandika aliyoyaona," akasema. "Mimi nikikuta hakuna, naandika hakuna. Sina njia nyingine, bwana."

Bwana Kilimo alivuta karatasi akashika kalamu. Niliijua karatasi ile, ilikuwa ya onyo la pili. Hapo ndipo nilipofungua kinywa. Sijui hadi leo kama nilisema kwa kumhurumia au kwa kuogopa kwamba mtu wa ndevu angekuja Kisauni kujionea mwenyewe. Yote mawili yalikuwamo. Niliwaambia juu ya shemeji, majivu, ndimu na kata ya maji. Niliwaambia juu ya Jumapili. Nilisema insha yangu haina maana na kwamba rafiki yangu ndiye aliyepima sawa.

Mzee wa utawala akaanza kutikisika mabega, na wote watatu wakacheka hadi yule wa ndevu akajifuta machozi. "Ndimu!" akarudia. "Chumvi ya bahari!" Alilivuta daftari langu, akapitisha kidole hadi ukurasa wa mwisho. Akauliza, bila nia yoyote mbaya, "Na huyu mwanamke ameosha mpaka lini?"

Kidole chake kilikuwa juu ya mistari mitatu ya Alhamisi.

"Mpaka jana, bwana," nikasema.

Neno lilitoka jepesi. Lilipokwisha kutoka, sikuweza kulirudisha.

Tulitolewa nje, tukaitwa tena baada ya muda mfupi. Mtu wa ndevu alisema kwamba watu wengi wanaweza kupima maji, lakini kijana anayeubomoa ugunduzi wake mwenyewe mbele ya wakubwa, siku ambayo nafasi ni moja, huyo ndiye anayetafutwa na utafiti. Nafasi ilikuwa yangu. Onyo la rafiki yangu lilifutwa, akaambiwa aendelee na kazi yake njema Likoni, na kama siku moja fedha zitarudi, jina lake litakumbukwa. Fedha hazikurudi kwa miaka mingi.

Rafiki yangu alinipa mkono palepale barazani. Mkono wake ulikuwa baridi. "Umeniokoa," akasema. "Ningefukuzwa leo." Nilitaka ardhi ipasuke. Nilimwambia si kitu. Alishuka kuelekea feri polepole kama kawaida yake, na nilimtazama hadi alipopotea kati ya watu.

Nyumbani habari ilitangulia mbele yangu. Baba, aliyekuwa hasemi nami, alitoka mlangoni akanishika bega. Jumapili akachinja, akaita watu wa kanisani, na nilipokaa kati yao aliisimulia hadithi nzima mwenyewe, jinsi mwanawe alivyosema kweli mbele ya Wazungu. "Na huyu mwanangu wa kike," akasema, akionyesha jikoni, "ameosha mvua ya serikali mpaka Alhamisi, siku moja kabla!" Watu walipiga makofi kwa kucheka. Mama akasema tangu leo aitwe Mama Mvua.

Shemeji alikuwa akileta sinia la wali. Alipiga magoti akaliweka, macho chini. Nilimwona akisita kidogo baba alipoitaja Alhamisi. Yeye alijua aliacha Jumatatu, na alijua ni nani aliyemwambia aache. Lakini mbele ya mkwe wake hakuwa na sauti, na mimi nililijua hilo nilipokuwa nikisema "mpaka jana". Labda ndiyo maana neno lilitoka jepesi vile. Aliinuka akarudi jikoni, na watoto wakamfuata wakiimba jina lake jipya.

Majuma mawili nilijiandaa kusafiri, na majuma hayo yote sikupata amani. Kila tarishi alipopita nilidhani wamejua. Kila shemeji aliponong'ona na mama, nilitega sikio. Hakusema kitu. Alinipikia, alinipigia pasi nguo, alinijibu nikimwuliza. Utani tu ndio uliokwisha kati yetu.

Siku ya kuondoka ilikuwa Jumamosi. Baba alikwenda kumtafuta mtu wa mkokoteni wa kubeba sanduku langu hadi stesheni. Barua ya kaka ilikuwa imefika juzi yake, na haikuwa imejibiwa. Nilichukua karatasi na wino, nikamfuata shemeji jikoni, nikakaa chini karibu na mafiga kwa unyenyekevu kama niliyekuja kuomba.

"Shemeji," nikasema, "nikuandikie moja kabla sijaenda. Sema, nami nitaandika."

Aliendelea kukuna nazi. Alimaliza kifuu kizima, akakikung'uta, akaniinulia uso kwa mara ya kwanza tangu siku ile.

"Asante, shemeji. Usijisumbue. Yule rafiki yako wa Likoni aja kesho kutuamkua, kama Jumapili zote. Nimemwomba mama ruhusa; huyo ndiye ataniandikia."

"Kwa nini yeye? Barua zote nimekuandikia mimi."

"Najua." Alichukua kifuu kingine. "Lakini baba amesimulia huyo rafiki yako alivyowajibu wale Wazungu. Asema akikuta hakuna, huandika hakuna. Nami nataka mume wangu ajue kuku amekufa."

Nilibaki na kalamu mkononi, wino ukinidondokea gotini. Nje gurudumu la mkokoteni lilisikika, na baba akaniita kwa furaha nije, tusichelewe treni.